Paa Lililopita Mwamlapa

Dhahabu ya Visoda ilianzia chooni. Nasema hivyo bila aibu kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Mwaka 1989 bwana afya alipita vijijini akiamrisha kila kaya iwe na choo cha shimo, na mzee Mhoja, aliyekuwa na ng'ombe wengi na maneno machache, akachimba chake nyuma ya nyumba. Alipofika futi tisa akagonga jiwe jeupe lenye mishipa ya njano. Akalivunja, akalitazama, akakaa kimya siku mbili. Siku ya tatu akamwambia mke wake peke yake. Siku ya nne tulikuwa watu mia mbili pale, kila mmoja na sururu yake.

Mimi, Bujiku, nilikuwa miongoni mwa hao mia mbili. Nilikuwa na miaka thelathini na sita, pamba yangu nimeiacha shambani haijapaliliwa, na mke wangu Kwandu alikuja nyuma yangu na sufuria kubwa kichwani. Mimi nilichimba, yeye akapika uji na maandazi. Katika wiki ya kwanza watu wengi walimjua yeye kuliko mimi.

Kijana wa leo hawezi kujua furaha ya mji ule mpaka ajue tulikotoka. Tulikuwa tumefua kwa magadi miaka mingi. Soda ilikuwa kitu cha harusi, tena harusi ya mtu mwenye ndugu kwenye duka la ushirika. Halafu ikaja ruksa, biashara ikafunguliwa, na kila kilichofunguliwa kikaonekana kuwa na haraka ya kufika kwetu. Malori yalileta sabuni za kunukia, redio, betri, mitumba, viatu vya soli nene. Wachimbaji walikunywa soda asubuhi kama maji ya kuswakia. Visoda vya chupa vilitapakaa ardhini mpaka ukitembea peku vinakuuma, na hapo ndipo jina la mji lilipopatikana. Mtaa mmoja uliitwa Dubai na mwingine Hong Kong, na kati yake kulikuwa na mbuzi wa mzee Mhoja ambao hawakutaka kujua mpaka wa mitaa.

Rafiki yangu Josia alifungua kibanda cha kinyozi. Alikuwa na kioo kirefu kilichotoka Mwanza kimefungwa kwenye godoro, na watu waliingia hata wasipotaka kunyolewa, wakajitazama kuanzia kichwani hadi miguuni, wakatoka wakicheka. Wengine walikuwa hawajawahi kujiona miguu.

Mzee Mhoja naye alijijengea nyumba ya bati. Nyumba yake ya zamani, msonge mkubwa wenye paa la nyasi lililofumwa kwa ustadi, aliitoa bure kwa Mwalimu Mektilda. Mwalimu huyu alitoka Mkula, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kanisani, na alikuja Visoda kufungua darasa la elimu ya watu wazima. Tulianza saa kumi jioni, watu wanapotoka mashimoni. Tulikaa juu ya magogo, tope magotini, kalamu zikituteleza vidoleni kuliko nyundo. Alitufundishia hesabu kwa nyumba yenyewe. Tulipima paa kwa hatua kutoka ukingo hadi ukingo, akasema hicho ndicho kipenyo. Kilikuwa hatua nane kamili. Nilirudia kupima mara tatu kwa furaha ya kuona kwamba kitu nilichokaa chini yake kina namba.

Elimu hiyo ilikuwa na hatua nne, na mwishoni mwa hatua ya nne afisa alikuwa akija kutoka Bariadi, anakupima kusoma, kuhesabu na kuandika barua. Ukifaulu unapata cheti. Mwaka 1992 waliofaulu walikuwa watatu, na mmoja wao alikuwa Kwandu. Mimi wakati huo nilikuwa hatua ya tatu, kwa sababu mwamba ulinishika na vipindi vingi nikakosa.

Kwandu alikibandika cheti chake ukutani, juu kidogo ya upande wangu wa kitanda.

"Mbona umekiweka upande wangu?" nilimuuliza.

"Upande wangu kuna mchwa, baba," alisema.

Nilikagua ukuta wote. Hapakuwa na mchwa hata mmoja.

Tangu siku hiyo nilikuwa na jambo moja tu moyoni. Dhahabu nilikuwa naitafuta kwa mikono, lakini kwa moyo nilikuwa natafuta karatasi ile.

Mwaka 1993 maji yaliingia mashimoni. Mashimo yaliyokauka yalikuwa yamefika kwenye jiwe jeusi lisilo na kitu. Halafu zikaja habari kwamba upande wa Kahama kumetokea rashi nyingine ya dhahabu, na mji ukaanza kuondoka. Watu husema mji unapokufa kunakuwa na huzuni. Visoda iliondoka ikicheka. Kila siku kulikuwa na sherehe ya kumuaga mtu, na aliyeagwa alikuwa na nyama ya kugawa kwa sababu hakutaka kuibeba. Josia alikifunga kioo chake kwenye godoro lile lile. Alipokiinua juu ya lori tukaona mtaa mzima wa Dubai ukipita ndani yake, na watu wakaupungia mkono. Mabati yaling'olewa, milango ikang'olewa, hata misumari ilinyooshwa ikaenda zake. Paa la nyasi peke yake halikuibwa na mtu, kwa kuwa haliingii kwenye lori.

Kufikia Agosti mwaka 1994 tulikuwa tumebaki kaya saba. Darasani tulikuwa sita. Wachimbaji wa mwisho walikuwa wamefukua hadi chini ya kuta za msonge wakitafuta mabaki, na ukuta mmoja ulikuwa umeinama kama mlevi. Mwalimu Mektilda aliendelea kufundisha. Mimi nilikuwa nimemaliza kitabu cha mwisho cha hatua ya nne, nasubiri afisa.

Jumatano mchana ikaja barua. Mwalimu aliisoma kwa sauti. Afisa atafika Ijumaa saa nne asubuhi kutoka Bariadi. Kituo chochote kitakachokuwa na wanakisomo pungufu ya kumi na tano, au kisichokuwa na paa, kitafungwa siku hiyo hiyo, na hakuna mtu atakayepimwa.

Tulitazamana. Watu sita, na paa lililoshikiliwa na ukuta mlevi.

"Mwamlapa kuna watu kumi na mmoja wanataka kusoma," Mwalimu alisema. "Wananiambia kila siku. Tatizo wanaogopa mashimo ya huku."

Mwamlapa ni kijiji cha wakulima, kilomita nne kutoka Visoda, kwenye njia ya Nkololo.

"Basi darasa liende kwao," nikasema.

"Nyumba zao ndogo. Na nyasi za kuezekea mwezi huu utazitoa wapi? Zote zimeliwa na ng'ombe."

"Simaanishi tujenge jingine. Twende na hili."

Kwetu Usukumani jambo hilo si la ajabu. Mtu akihama, vijana huweka miti mirefu chini ya paa, wakaliinua zima zima mabegani, wakaenda nalo wakiimba. Wanahitajika vijana thelathini, na thelathini wa haraka ungewapata mahali pamoja tu, kwenye ngoma. Alhamisi asubuhi nilikwenda kwa Mahona, kiongozi wa Wagika. Akakubali, vijana kumi na watano. Nikaenda kwa Shida, kiongozi wa Wagalu. Naye akakubali, kumi na watano.

Jioni nilimweleza Kwandu kwa majivuno. Aliacha kupepeta unga.

"Umewaita Wagika?"

"Ndiyo."

"Na Wagalu?"

"Ndiyo."

"Wote chini ya paa moja?"

"Lina kipenyo cha hatua nane, mayu," nilimwambia, yaani mama. "Wataenea."

Akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika ukuta. Sikumwelewa. Ninyi msiotoka kwetu niwaeleze: Wagika na Wagalu ni vyama viwili vya ngoma, na kila msimu baada ya mavuno hushindana. Hucheza kwa wakati mmoja, uwanja mmoja, na anayevutia watu wengi zaidi ndiye mshindi. Mwaka ule waliachana bila mshindi kupatikana, na tangu Juni walikuwa wanatafuta mahali pa kumalizia. Mimi nilikuwa nimewapa.

Ijumaa alfajiri walifika. Wagika upande wa kulia, Wagalu upande wa kushoto. Mzee Mhoja alitoka akiwa na blanketi begani.

"Mwangaluka, baba," wakamsalimu.

"Mwangaluka. Chukueni paa," alisema. "Ila mkikuta dhahabu kwenye nyasi ni yangu."

Waliliinua mara moja, likanyanyuka kwenye kuta kama kofia ya mzee anayesalimia. Ukuta uliokuwa umelewa ukaanguka nyuma yetu. Mimi nilibeba katikati, kati ya pande zote mbili, kwa kuwa sikuwa mchezaji wa chama chochote. Mwalimu alitangulia na ubao kichwani. Kwandu alifuata na chaki na maandazi, pamoja na wanakisomo wenzangu watano.

Kilomita nne zile nilizifurahia kuliko zote nilizotembea maishani. Wagika waliimba, Wagalu wakajibu kwa wimbo wao, miguu ikipiga chini kwa pamoja maana mzigo ni mmoja.

"Mahona!" Shida alipaza sauti. "Magoti yako nayasikia huku yanalia kama mlango wa zizi!"

"Hayo ni ya kwako, yanapiga mwangwi!"

"Ukichoka sema, tukuwekee na wewe juu ya paa!"

"Juu yuko bibi yako, anatuonyesha njia!"

Tulifika Mwamlapa jua limechomoza vizuri. Wanakisomo kumi na mmoja walikuwa wamesimika nguzo kwa duara, wamefagia, wamesimama mstari mmoja na madaftari mapya. Kilichobaki ni kulikalisha paa juu ya nguzo.

"Haya, shusheni taratibu," Mwalimu alisema.

Hakuna aliyeshusha.

"Mahona, upande wako uanze."

"Mwalimu, mimi nianze? Msimu mzima waimbe kwamba Wagika walichoka kwanza?"

"Shida, basi wewe."

"Sisi hatujachoka. Kwa nini tushushe?"

"Wote pamoja. Moja, mbili, tatu!"

Kila upande ulisubiri mwenzake aanze. Paa halikusogea hata upana wa kidole. Mwalimu akahesabu tena, kwa sauti ile ya kanisani. Hakuna kitu. Halafu kijana mmoja wa mbele akapiga mguu, mwingine akaitikia, wimbo ukaanza, na kwa kuwa huwezi kuimba wimbo ule umesimama, paa likaanza kutembea. Likazipita nguzo, likaupita mti wa mwisho wa Mwamlapa, likashika njia ya Nkololo. Na mimi nikiwa chini yake katikati, nimebeba, siwezi kutoka.

"Bujiku!" Kwandu aliniita. "Unakwenda wapi na shule?"

"Sijui, mayu!"

Wale kumi na mmoja walitazama darasa lao likiondoka. Halafu mwanamke mmoja, Nyanjige, akakunja kitenge, akasema yeye hakufagia bure, na akaanza kulikimbilia. Wote wakamfuata na madaftari yao.

Tulikuwa tumekwenda kama kilomita moja na nusu niliposikia pikipiki mbele yetu. Nikachungulia chini ya ukingo. Mtu mnene mwenye kofia ya plastiki na begi la ngozi alikuwa amesimama katikati ya njia, mguu mmoja chini. Alikuwa ni Bwana Januarius, afisa wa elimu ya watu wazima. Nilimkumbuka kwa sababu ndiye aliyempa cheti Kwandu. Saa yangu ya mkononi ilionyesha saa tatu na dakika ishirini.

"Mwangaluka, mayu," alimsalimu Mwalimu, aliyekuwa amekimbia mbele yetu kujaribu kutuzuia. "Natafuta kituo cha Visoda."

Mwalimu alishusha ubao kichwani, akajifuta jasho.

"Ni hiki hapa kinakuja, baba."

Bwana Januarius alilitazama paa. Paa likamkaribia, likimwimbia. Akalazimika kuisukuma pikipiki yake pembeni.

"Barua yangu ilisema kituo kiwe na paa," alisema polepole. "Haikusema kisiwe na miguu. Lakini siwezi kumpima mtu anayetembea. Likisimama kabla ya saa nne, nitapima. Lisiposimama, naandika kwamba sikukuta kituo."

Dakika arobaini. Nilikiona cheti cha Kwandu juu ya kitanda, na chini yake mimi, mpaka uzeeni.

Nikafikiri kwa nguvu zangu zote. Tatizo halikuwa kusimama, lilikuwa kushusha. Atakayeshusha mkono kwanza ameshindwa. Basi ingefaa paa lishike pahala bila mkono wa mtu kushuka. Mbele yetu, si mbali, palikuwa na korongo. Nililijua kama kiganja changu, kwa maana hapo ndipo tulipooshea mchanga wetu wa dhahabu miaka minne. Agosti ni kavu, mchanga mtupu. Ng'ombe walikuwa wamelichimba njia ya kushukia, njia ndefu inayozama kidogo kidogo huku kingo mbili zikibaki juu, sawa na bega la mtu pale ndani kabisa. Upana wake tulikuwa tunaupima kila tulipofunga kizuizi cha maji. Hatua sita.

Sita ni ndogo kuliko nane.

"Shida! Mahona!" nikapiga kelele. "Nani kati yenu anaweza kuingia korongoni na paa?"

"Sisi!" wakasema wote wawili kwa mkupuo mmoja.

"Wa kando waingie ndani, mbanane! Njia ni nyembamba!"

Wakabanana, Wagika na Wagalu, mbavu kwa mbavu, wakatukanana kwa furaha, na tukaanza kushuka njia ya ng'ombe. Hatua kumi. Hatua ishirini. Kingo zikawa usawa wa magoti yetu, halafu kiuno. Paa lilikuwa limezidi hatua moja kila upande, likielea juu ya nyasi kavu za ukingoni. Tukashuka tena. Nikasikia nyasi zikisuguana na ardhi, kwanza kulia au kwanza kushoto sijui, na wala mtu mwingine hakujua. Kisha mti niliokuwa nimeubeba ukawa mwepesi. Ukaniacha begani. Nikainua macho: paa limekaa juu ya kingo mbili, limetulia, na sisi thelathini na mmoja tumesimama chini yake mikono mitupu.

Mahona alimtazama Shida.

"Umeshusha?"

"Sijashusha. Wewe?"

"Mimi bado nimeinua mikono, angalia!"

Ni kweli, wote walikuwa bado wameinua mikono. Halafu mmoja akaanza kucheka, na kicheko kikazunguka chini ya paa lile mpaka vumbi likadondoka kutoka kwenye nyasi. Wakatoka nje kwenda kubishana ni nani aliyefika chini kwanza, na kwa jinsi ninavyowafahamu, wanabishana mpaka leo.

Ndani palikuwa na ubaridi mzuri, mchanga laini, mwanga unaingia kwa mbele na nyuma. Mwalimu Mektilda alichomeka ubao ukingoni. Nyanjige na wenzake walifika wakihema, wakakaa mchangani. Bwana Januarius akahesabu vichwa: sita wetu, kumi na mmoja wa Mwamlapa. Kumi na saba. Akatazama juu, akatazama saa. Saa nne kasoro dakika tano.

"Kituo kipo," alisema, na akaandika.

Halafu akaniita mimi, mwanakisomo pekee wa hatua ya nne. Akanipa ukurasa nisome, habari za kilimo bora cha pamba. Nikasoma bila kusimama, na pale penye mkato nikavuta pumzi kama tulivyofundishwa. Hesabu nikazifanya zote, ingawa moja nilipitia upya kwa kuwa bega lilikuwa linatetemeka na namba saba ikafanana na moja.

"Sasa barua," alisema. "Mwandikie mtu aliye mbali, umweleze habari za kwenu."

Nilimwandikia Josia. Ninayo nakala yake, Mwalimu aliniruhusu kuinakili.

"Ndugu yangu Josia, natumaini hujambo huko Kahama. Sisi hatujambo. Mtaa wa Dubai sasa wanakaa mbuzi, na mtaa wa Hong Kong umeota mtama wenyewe, nafikiri kutokana na punje alizomwaga Kwandu. Tumebaki wachache lakini tunaonana kila siku, ambapo zamani tulikuwa wengi na tukapishana tu. Leo nimebeba nyumba kilomita sita na bado mkono wangu unaandika. Ukipata nafasi njoo utembee. Usipotukuta uliza watu wamelipeleka wapi paa. Ni mimi rafiki yako, Bujiku"

Bwana Januarius aliisoma mara mbili. Mara ya pili alivua kofia. Kwandu, aliyekuwa ameambiwa asikaribie, alikuwa amelala kifudifudi ukingoni juu yetu, anachungulia kwenye nafasi kati ya nyasi na udongo.

"Hakuweka nukta mwishoni," alisema.

"Mama, wewe ulishafaulu," Bwana Januarius akamjibu bila kuinua macho. "Mwache mwenzako naye afaulu." Akanipa mkono. "Hongera, Bwana Bujiku. Cheti utaletewa."

Ilikuwa mara ya kwanza mtu wa ofisini kuniita Bwana. Nilitaka kusema neno zito la kufaa siku ile, lakini lililonitoka lilikuwa "Wabeja sana," asante ya kwetu, na kicheko nyuma yake. Wale kumi na mmoja walinipigia makofi, na nje Wagika na Wagalu, ambao hawakujua kilichotokea, wakadhani wanapigiwa makofi wao, wakaanza ngoma upya.

Tulirudi nyumbani mchana, mimi na Kwandu, tukipita Mwamlapa kwenye zile nguzo zilizosimama bila kitu. Nilitembea mbele, kifua nje. Alinivumilia kwa muda mrefu.

"Sasa tuko sawa," nikasema.

"Tuko sawa," akakubali.

"Na mimi siwezi kuishia hapo. Nitamwomba Mwalimu anifundishe Kiingereza."

Kwandu alihamisha kapu la maandazi kutoka mkono mmoja hadi mwingine, akatazama mashamba.

"Kwandu."

"Nilianza mwezi wa sita," alisema.

Jumatatu ile saa tisa na nusu, nusu saa kabla ya kipindi, nilikuwa mtu wa kwanza kufika korongoni.